Kiwiko cha Ana Konjuh

Januari 2013, jijini Melbourne, fainali ya wasichana ya Australian Open iliwakutanisha Ana Konjuh wa Kroatia na Kateřina Siniaková wa Jamhuri ya Czech. Ana alikuwa ametimiza miaka 15 mwezi uliotangulia. Alishinda seti mbili kwa bila, 6-3, 6-4, kisha akabeba na kombe la wachezaji wawili wawili akishirikiana na Carol Zhao wa Kanada. Katika fainali hiyo ya pili, ng'ambo ya wavu alisimama msichana mwingine wa Kicheki aitwaye Barbora Krejčíková.

Yashike vizuri majina hayo ya Kicheki. Siniaková na Krejčíková baadaye waliungana wakawa jozi inayotisha kuliko zote duniani, wakatwaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Krejčíková akaenda mbele zaidi, akashinda Roland Garros 2021 na Wimbledon 2024 akicheza peke yake. Lakini wiki ile ya Melbourne wote wawili walipita mikononi mwa Ana, na hakuna aliyeshangaa, maana mwezi uliotangulia alikuwa ameshinda mashindano mawili makubwa ya vijana huko Florida, Eddie Herr na Orange Bowl, moja baada ya jingine.

Septemba mwaka huohuo akaongeza US Open ya wasichana. Fainali ile ilikuwa ngumu: alipoteza seti ya kwanza kwa Mmarekani Tornado Alicia Black, akarudi, akamaliza 3-6, 6-4, 7-6. Makombe mawili yaliyobaki, la Roland Garros na la Wimbledon, yalikwenda kwa Belinda Bencic wa Uswisi, ambaye naye alikuja kuwa bingwa wa Olimpiki. Kwa hiyo mwaka 2013 makombe yote manne makubwa ya wasichana wanaocheza peke yao yaligawanywa na watu wawili tu. Wasomaji wengi wa huku kwetu walianza kufuatilia ngazi hii ya vijana mwaka 2022, pale Angella Okutoyi wa Kenya alipotwaa Wimbledon ya wasichana wawili wawili. Basi mtakumbuka furaha ile ilivyokuwa. Ana aliyapata mataji ya namna hiyo matatu ndani ya miezi tisa.

Nikikaa na wapenzi wa tenisi nikamtaja Ana Konjuh, jibu huwa lilelile: "Ah, yule aliyepotea." Neno hilo linaniuma. Mimi si kocha wala mtangazaji. Ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Dar es Salaam, kazi yangu ni mabega, magoti na viwiko vya watu, na nimemfuatilia binti huyu kwa jicho la kazi yangu tangu alipokuwa mtoto wa shule. Ana hakupotea. Kila alipopewa mkono mzima alionekana, na alionekana mbele ya watu wakubwa kabisa. Kilichokuwa kikitoweka na kurudi ni kiwiko chake cha kulia.

Alizaliwa Dubrovnik tarehe 27 Desemba 1997, katika ule mji wa kuta za mawe ulio kusini kabisa mwa pwani ya Kroatia. Nchi yenyewe ina watu wasiofika milioni nne kwa hesabu ya sensa ya 2021, lakini katika tenisi hujitanua kama taifa kubwa. Iva Majoli wa Zagreb alimshinda Martina Hingis akatwaa Roland Garros 1997, miezi michache kabla Ana hajazaliwa. Goran Ivanišević wa Split aliingia Wimbledon 2001 kwa kualikwa tu, akiwa wa 125 duniani, akatoka na kombe, jambo ambalo hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kulifanya hapo. Mwaka 2005 timu ya wanaume ikashinda Kombe la Davis. Mtoto aliyeshika raketi Kroatia miaka hiyo hakuhitaji kuambiwa kwamba mtu wa kwao anaweza. Aliyaona hayo kwenye televisheni ya sebuleni.

Uzuri huo una upande wake mzito. Nchi ndogo ikipata mtoto wa namna ile, macho yote humgeukia. Kabla yake alikuwepo Mirjana Lučić, aliyeshinda mashindano ya Bol, katika kisiwa cha Brač, mwaka 1997 akiwa na miaka 15, yakiwa ndiyo mashindano yake ya kwanza ya ngazi ya juu, na akafika nusu fainali ya Wimbledon 1999. Baada ya hapo maisha yalimwendea kombo, akakaa nje ya viwanja miaka mingi, na nusu fainali nyingine kubwa hakuipata hadi Australian Open 2017. Wakroatia walikuwa wanajua vizuri jinsi binti wa miaka 15 anavyoweza kung'aa. Na waliyajua yanayoweza kumpata baadaye.

Ana aliingia rasmi kwa wakubwa siku za mwanzo za Januari 2014, huko Auckland, New Zealand. Alikuwa na miaka 16 na siku chache. Mechi yake ya kwanza kabisa katika mashindano ya ngazi ya juu ya wanawake ratiba ilimpa Roberta Vinci wa Italia, mchezaji aliyepangwa wa kwanza kwa ubora katika mashindano yale. Vinci ni fundi wa mipira ya kukatakata, inayoteleza chini na kumfanya mpinzani ainame kila mara, na mabinti wengi wenye nguvu walipoteza subira mbele yake. Ana hakupoteza. Alimtoa.

Kutoka hapo alikwenda Melbourne, safari hii kwa wakubwa, akapita raundi zote za mchujo na kuingia katika ratiba kuu. Akapangiwa Li Na wa China. Li Na alimfunga kirahisi, akaendelea hadi akatwaa kombe lenyewe, kwa hiyo kufungwa na mtu wa namna hiyo hakukuwa aibu hata kidogo. Tatizo lilikuwa kwingine. Kabla mwezi ule haujaisha Ana alikuwa mezani kwa daktari, anapasuliwa kiwiko cha mkono anaochezea. Miaka 16, mwezi wa kwanza wa kazi.

Hapa naomba msomaji unyooshe mkono wako wa kulia, kiganja kitazame juu. Kwa vidole vya mkono wa kushoto papasa upande wa ndani wa kiwiko, ule ulio karibu na mbavu. Utakuta nundu ya mfupa. Nyuma yake kidogo unapita mshipa wa fahamu, ule ambao ukiugonga kwenye kona ya meza mkono mzima unapigwa na ganzi hadi kidole cha mwisho. Na kutoka kwenye nundu hiyo kushuka kuna kano fupi, imara, iliyoushika mfupa wa mkono wa juu na mfupa mmoja wa kigasha. Kiwiko ni bawaba. Kimeumbwa kukunja na kukunjua. Kano hiyo ndiyo inayozuia bawaba isifunguke kwa ubavu.

Sasa mtazame mchezaji anapopiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha. Anarusha mpira juu, anakunja magoti kidogo, raketi inashuka nyuma ya mgongo. Halafu miguu inasukuma, kiuno kinageuka, kifua kinageuka, bega linaanza kuja mbele. Kigasha na raketi bado vimebaki nyuma. Katika nukta hiyo ndogo, ambayo jicho haliwezi kuikamata, kiwiko kinavutwa kifunguke upande wa ndani, na kinachokizuia ni ile kano pamoja na misuli inayoizunguka. Kwa mtu mzima aliyejengeka ni mzigo mkubwa. Kwa mtoto wa miaka 13 au 14 ni mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu ncha za mifupa yake bado zina sehemu za gegedu ambako ndiko mfupa unakokulia, na misuli yake haijafika pale ambapo ustadi wake umekwisha kufika. Anajua kupiga kama mtu mzima kabla mwili wake haujawa wa mtu mzima.

Na Ana alijua kupiga. Mchezo wake wote ulijengwa juu ya sevu nzito na mapigo ya bapa, mipira inayopita chini juu ya wavu na kumfikia mpinzani kabla hajajipanga. Kila kilichomfanya awe bingwa wa vijana kilikuwa kinapita katika kiwiko kile.

Wenye mamlaka ya tenisi ya wanawake hawakulala katika jambo hili, na ni haki kulisema. Mwaka 1990 Mmarekani Jennifer Capriati aliingia tenisi ya kulipwa akiwa na miaka 13, akafika nusu fainali ya Roland Garros akiwa na 14, na baada ya miaka michache akawa amechoka kabisa na kuuweka mchezo kando. Kutokana na yaliyompata yeye na wenziwe, mwaka 1995 ilianza kanuni ya umri. Enzi za Ana, msichana wa miaka 16 alikuwa na kikomo cha mashindano 12 ya kulipwa kwa mwaka, na wa miaka 17 alikuwa na kikomo cha 16, pamoja na nyongeza kidogo kwa waliofanya vizuri. Naiheshimu kanuni hiyo, imeokoa wengi. Lakini inahesabu mashindano. Haiwezi kuhesabu sevu ambazo mtoto amepiga asubuhi na jioni tangu akiwa na miaka saba, na kano ya kiwiko inazihesabu zote.

Baada ya upasuaji ule wa kwanza alirudi haraka. Juni hiyohiyo alifika raundi ya tatu ya Wimbledon ya wakubwa, akatolewa na Caroline Wozniacki. Mwaka uliofuata, Juni 2015, akashinda kombe lake la kwanza la ngazi ya juu, huko Nottingham, kwenye nyasi. Fainali alipoteza seti ya kwanza 1-6 kwa Monica Niculescu wa Romania, mwanamke mwenye fohendi ya kukata isiyofanana na ya mtu yeyote, kisha akazichukua mbili zilizobaki, 6-4, 6-2. Alikuwa na miaka 17.

Wakati huo alikuwa chini ya kocha Željko Krajan, ambaye kabla yake alimfikisha Mrusi Dinara Safina hadi namba moja ya dunia. Kazi ilikwenda. Halafu ikaja Wimbledon 2016, raundi ya pili, dhidi ya Agnieszka Radwańska wa Poland, mmoja wa wachezaji wenye akili nyingi kuliko wote waliowahi kushika raketi. Mechi ile naikumbuka hadi leo. Ana alipata pointi tatu za ushindi, tatu, na zote zikamponyoka. Miaka hiyo Wimbledon seti ya mwisho ilichezwa mpaka mmoja apate tofauti ya gemu mbili. Walipofika 7-7, Ana akakimbia mbele na kukanyaga mpira uliokuwa umelala chini upande wake. Kifundo cha mguu kikapinda. Akatibiwa pale pale, akasimama, akacheza akichechemea, akafungwa 9-7.

Mtu akikwambia mwili wa mchezaji ni mali yake peke yake, mwonyeshe dakika zile. Binti wa miaka 18 anakaribia kumwangusha mmoja wa wakubwa wa dunia, na anazuiwa na mpira wa manyoya uliolala kwenye nyasi.

Miezi miwili baadaye, New York, ratiba iliwakutanisha tena, katika raundi ya nne ya US Open. Radwańska alikuwa amepangwa wa nne kwa ubora. Ana alikuwa anashikilia nafasi za tisini na kitu duniani. Niliitazama usiku huku kwetu, sauti nikiwa nimeipunguza kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imelala. Ana hakungoja. Kila sevu ya pili ya Radwańska aliiingilia hatua moja ndani ya mstari na kuitandika, na mbinu zote za yule fundi, mipira ya kudondosha, ya kuinua, ya kubadili mwendo, hazikupata nafasi ya kufanya kazi. Ilikwisha 6-4, 6-4. Robo fainali ya mashindano makubwa, akiwa bado hajafikisha miaka 19. Huko Karolína Plíšková alimsimamisha, 6-2, 6-2, kisha Plíšková huyo akamtoa Serena Williams katika nusu fainali.

Kutoka hapo ngazi ilipandwa upesi. Fainali Auckland Januari 2017, akafungwa na Lauren Davis. Raundi ya nne Wimbledon Julai, baada ya kumtoa Dominika Cibulková katika seti tatu, akasimamishwa na Venus Williams, ambaye alikuwa na miaka 37 na akafika fainali. Mwishoni mwa mwezi huo Ana aliandikwa wa 20 katika orodha ya dunia. Alikuwa na miaka 19.

Hiyo ndiyo nafasi ya juu aliyoifikia, na ili uelewe kilichofuata lazima ujue orodha ile inavyoendeshwa. Pointi za tenisi huishi wiki 52 tu. Robo fainali ya US Open ilimpa Ana pointi 430. Mwaka ukizunguka, pointi hizo hufutwa, na inabidi azitafute upya palepale. Ukiwa mzima, unafuta huku unaandika. Ukiwa kitandani, unafutiwa tu. US Open 2017 Ana alitolewa raundi ya kwanza na Ashleigh Barty wa Australia, akaenda kwa daktari wa upasuaji, na kuanzia hapo kila wiki iliyopita ilikuwa inamshusha bila yeye kupoteza hata mechi moja. Ipo kanuni inayomruhusu aliyeumia kwa muda mrefu kuingia mashindano machache kwa nafasi aliyokuwa nayo kabla ya kuumia, lakini kanuni hiyo inakufungulia mlango tu. Mkono lazima uje nao mwenyewe.

Mkono haukuja. Akarudi, ukauma, akapasuliwa tena. Kufikia 2019 kiwiko kile kilikuwa kimepasuliwa mara nne, na mara hii ya nne kano yenyewe ilijengwa upya.

Upasuaji wa namna hiyo watu wa michezo wanauita Tommy John, kwa jina la mrushaji wa besiboli wa Los Angeles Dodgers ambaye daktari Frank Jobe alimfanyia kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Daktari huchukua kano kutoka mahali pengine mwilini, mara nyingi kwenye kigasha. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kunja kifundo cha mkono kidogo, utaona kamba nyembamba imeinuka katikati. Wengine hawana kabisa, na hawajui kwamba hawana, kwa sababu haina kazi kubwa. Kamba kama hiyo huingizwa katika matundu yaliyotobolewa kwenye mifupa ya kiwiko na kufungwa mahali pa ile iliyochakaa. Halafu unaanza kungoja. Mwili unahitaji miezi mingi kuifanya kamba ile iwe yake. Tommy John mwenyewe alirudi uwanjani mwaka 1976, akaendelea kurusha hadi 1989.

Kungoja huko ndiko ninakokujua mimi. Watu huja kwangu wakiwa na hamu ya upasuaji uishe, wakidhani kazi imekwisha pale. Kazi inaanzia pale: kukunja mkono digrii chache, kuunyoosha digrii chache, kushika kitambaa kilicholowa na kukikamua, wiki kwa wiki. Baba mmoja alimleta mwanawe wa miaka 13, mchezaji, kiwiko kimevimba. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dokta, lini atarudi kucheza?" Nilimjibu kwanza tujue lini ataweza kuinua chupa ya maji bila maumivu. Hakupenda jibu langu, na simlaumu. Alikuwa amejinyima mengi kwa ajili ya mtoto yule. Ana alipita katika njia hiyo mara nne kabla hajatimiza miaka 22, wakati wale aliowafunga Melbourne wakikusanya makombe.

Mwaka 2020 korona ikafunga viwanja, msimu ukasimama kuanzia Machi hadi Agosti. Alipoonekana tena sawasawa ilikuwa Machi 2021, Miami. Alikuwa wa 338 duniani na waandaaji walimwalika. Raundi ya pili alimtoa Madison Keys, Mmarekani mwenye mapigo mazito kuliko karibu wote. Raundi ya tatu alikutana na Iga Świątek, bingwa wa Roland Garros aliyekuwa na miaka 19, umri uleule aliokuwa nao Ana alipokuwa wa 20 duniani.

Katika mechi ile nilijikuta natazama kiwiko kuliko mpira. Ana alichukua seti ya kwanza 6-4. Ya pili Świątek akaijibu, 6-2, na hapo nilitegemea mambo yaishe, kwa sababu mkono uliokaa nje muda mrefu huwa mzito katika saa ya pili. Haukuwa mzito. Seti ya tatu alishinda 6-2, akipiga sevu bila kuionea huruma.

Raundi iliyofuata Anastasija Sevastova wa Latvia alimtoa. Mei akafika fainali Belgrade, ya kwanza tangu Auckland 2017, akakutana na Paula Badosa wa Hispania. Mwili ukagoma tena, akaiacha mechi katika seti ya pili. Alikuwa na miaka 23, na miezi michache iliyotangulia alikuwa nje ya wachezaji 300 bora duniani.